Sumu ya Mama Mkwe

Nilipoolewa kule Uvira, somo la kwanza nililopewa na mama mkwe wangu lilikuwa la kumpa mgeni kinywaji. Unaleta chupa ikiwa imefungwa. Unaifungua mbele ya macho yake. Unamimina kidogo kwenye glasi yako, unakunywa, unameza, unaongea maneno mawili matatu ili aone bado uko hai, ndipo unammiminia yeye. Ukimletea mgeni glasi iliyokwisha kujazwa jikoni, atakushukuru sana, kisha atakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Kwetu sumu ilikuwa kitu chenye mwenyewe. Ilikaa chini ya ukucha wa mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi alikuwa jirani.

Vita ya pili ilipotutoa, tuliacha nyumba, mbuzi wanne na picha zote za harusi. Imani ile ya sumu mama mkwe hakuiacha. Alipita nayo Fizi kwa miguu, akaivusha ziwa, akaipitisha Tanzania, akaishusha Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, pamoja na Biblia yake na sufuria moja isiyo na kifuniko.

Alikuwa mwanamke mfupi, shemasi wa kanisa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mambo mawili aliyachukia kuliko yote: sumu na tumbaku. Kwa bahati mbaya Dzaleka ilikuwa katikati ya mashamba ya tumbaku. Msimu ukifika, malori yaliyojaa marobota yalipita barabarani kwenda Kanengo, kwenye mnada na maghala, na harufu yake nzito, tamu kidogo, ilibaki hewani baada ya lori kupotea. Mama mkwe alijifunika pua kwa kitenge mpaka vumbi litulie.

"Ile ni shetani anapita na gari yake," alisema.

Mwaka huo shetani alitupa kazi. Mume wangu alipata kibarua cha kubeba marobota kwenye ghala moja la Kanengo. Wiki nzima alilala Kauma, mtaa wa Lilongwe, katika chumba alichochangia na Wakongo wenzake, na Jumamosi alirudi kambini. Mama yake alimpokea mlangoni na amri: koti na shati vibaki kwenye ua, aoge kwanza, ndipo aingie kusalimu. Mimi nilishona nguo kwenye baraza yetu. Ni mama mkwe mwenyewe aliyeniambia nimshonee mwanawe mfuko mkubwa ndani ya lile koti, ili asiibiwe kwenye gari. Niliushona kwa furaha, nikaona kumbe mama ana huruma.

Jirani yetu alikuwa Mrundi, mjane wa makamo, mtu wa kucheka kwa mabega. Alikuwa na pasi ya mkaa, mimi nilikuwa na cherehani, kwa hiyo tuliishi kama ndugu. Suruali niliyoshona mimi ilinyooshwa kwa pasi yake, na gauni lake la kanisani lilipanuliwa kwangu kila alipoongezeka. Jumapili baada ya ibada alitutumia bakuli la maharagwe. Yalikuwa maharagwe mazuri, laini, yenye mafuta ya mawese aliyoyapata anakojua yeye.

Basi mama mkwe akaanza kuugua.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu kwa sababu ulikuwa na ratiba. Jumapili jioni alianza kusikia kizunguzungu. Jumatatu alitapika, mate yakamjaa mdomoni, jasho baridi likamtoka usoni, na moyo wake, alisema, ulipiga kama ngoma ya kwaya. Jumanne hali ilikuwa ileile. Jumatano aliweza kunywa uji. Ijumaa alikuwa amepona kabisa, anasimamia maombi na kutukosoa sote. Jumapili tunaanza upya. Zahanati ya kambini ilimpa dawa ya malaria, kisha dawa ya minyoo, kisha dawa ya tumbo. Dawa zote zilifanya kazi vizuri mpaka Jumapili.

Yeye hakuhitaji zahanati kumwambia. Alihesabu siku kwa vidole, akafika penye bakuli.

"Ile mama wa Burundi njo ananimaliza," aliniambia. "Maharagwe yake iko na kitu ndani."

"Mama, maharagwe tunakula wote. Mbona mimi sitapiki?"

"We haukosei mutu. Mi niko shemasi. Sumu inajua mutu yake."

Ningeweza kuvumilia kama angebaki na neno hilo nyumbani. Lakini asubuhi ya Alhamisi alikwenda kwenye pampu ya maji, penye foleni ndefu kuliko ya kanisani, akatangaza kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto: "Kuna bantu hapa banapika maharagwe na kitu ingine. Mi sitaji mutu. Lakini iko na pasi ya mkaa."

Kambi nzima ilikuwa na pasi za mkaa labda tatu.

Jirani hakuja kugomba. Alikuja jioni, akachukua bakuli lake tupu, akachukua na pasi iliyokuwa juu ya meza yangu, akaondoka bila kucheka. Tangu siku hiyo suruali zangu zilitoka zimekunjamana, na wateja wakazigeuza huku na huku wakiniuliza kama nimezilalia.

Wiki hiyohiyo zahanati ya kambini ilitafuta watu wa kujitolea kwa mafunzo ya afya ya asubuhi tatu. Sababu yake ilijulikana: watu walinunua dawa ya kunguni kwenye soko la Old Town, mjini Lilongwe, ikiwa imemiminwa katika chupa za soda zisizo na maandishi, na familia moja ilikuwa imeponea chupuchupu baada ya chupa hiyo kukaa karibu na chupa ya mafuta ya kupikia. Nilijiandikisha kwa sababu nilitaka kujua kuhusu sumu kutoka kwa mtu asiye mama mkwe wangu. Nilipofika nikamkuta jirani yangu amekaa benchi la mbele. Nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni yake. Tulikaa pale kama watu wawili waliobanwa kwenye picha.

Mwalimu alikuwa ofisa wa afya, Mmalawi mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kiasi cha kunitia wivu. Alifundisha kwa Kiingereza. Mkalimani alikuwa mwalimu wa katekisimu kutoka mji wa Baraka, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hakuwahi kumwachia mtu jukwaa.

Mwalimu alisema kwamba kila kitu kinaweza kuwa sumu, hata chumvi, hata maji, na kinachotenganisha dawa na sumu ni kiasi unachoingiza mwilini.

Mkalimani akatugeukia. "Anasema dunia hii yote ni sumu, ndugu zangu! Tokeni ndani yake!"

"Ameni!" benchi la nyuma likajibu.

Mwalimu alifurahi kuona tumeelewa haraka hivyo.

Bahati nzuri alikuwa na mazoea ya kuchora. Alichora mtu ubaoni, akamwekea milango. Mlango wa kwanza mdomo: sumu inaliwa au inanywewa. Mlango wa pili pua: moshi, mvuke, vumbi la dawa. Mlango wa nne, alioutaja mwisho, ulikuwa sindano na jino la nyoka, yaani kitu kinachotoboa na kuweka sumu ndani moja kwa moja. Katikati akachora mishale inayopita kwenye mikono na miguu. Huo ulikuwa mlango wa tatu, ngozi. Hapo mkalimani, labda kwa bahati, alisema vizuri kuliko siku zote: "Ngozi nayo inakunywa."

Watu walicheka. Mzee mmoja wa Uvira akasimama. "Hiyo sawa. Lakini na ile ya ukucha? Ile mutu anakusalimia tu, kesho unakauka?"

Mwalimu alipotafsiriwa swali hilo alitazama ukucha wake mwenyewe kwa muda mrefu. Akasema sumu hizi zinazouzwa sokoni zinahitaji kiasi fulani ili ziue, na kwa nyingi kati ya hizo mtu angehitaji ukucha wenye ukubwa wa kijiko. Mzee alikaa chini amenuna, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Mwingine akauliza, "Na bibi yangu anayeweka chumvi nyingi mu mboga, ananiua?"

"Polepole," alisema mwalimu, na akaeleza kwamba sumu nyingine hukuangusha saa ileile na nyingine hujikusanya kidogo kidogo kwa miaka, na kwamba kiasi ambacho mtu mzima anakivumilia kinaweza kumwangusha mtoto kwa sababu mwili wake ni mdogo. Kisha mama mmoja wa Fizi akaeleza jinsi anavyoloweka muhogo mchungu siku tatu na kumwaga maji yake, la sivyo unalewesha watu na hata kuua. Mwalimu akapiga makofi. Alisema hilo ndilo somo lenyewe, na akauliza nani alimfundisha.

"Njaa," alisema yule mama. "Njaa na nyanya yangu."

Siku ya pili ndipo alipotuletea kitunguu saumu. Aliomba mtu wa kujitolea. Jirani yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaniangalia, akainua mkono. Mwalimu akaponda vitunguu saumu, akavipaka kwenye nyayo zake, akafunga kila mguu ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia akae atulie wala asiguse mdomo wake. Somo likaendelea. Tulikuwa tumeshamsahau aliporuka kwenye benchi.

"Yampayinka!" alisema kwa Kirundi chake cha mshangao. "Niko naisikia mu kinywa! Tungurusumu, iko mu kinywa!"

Aligeuka akanipumulia usoni, akisahau kwamba tumegombana. "Nusa! Nusa we mwenyewe!"

Ilinuka kweli. Nusu ya darasa ilisema amekula alfajiri. Mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye na nilijua hajala kitu. Kitunguu kiliingia kwenye nyayo, kikapanda na damu, kikatokea mdomoni. Nilitazama miguu yake iliyofungwa plastiki nikashindwa kuondoa macho, ila sikujua bado kwa nini.

Mwalimu alitupa zoezi la nyumbani: chagua mgonjwa mmoja, uliza nini, kiasi gani, mlango upi, lini. Mgonjwa nilikuwa naye. Jirani aliposikia namtaja mama mkwe, alisema kwa sauti ndogo, "Jumapili nitapika. Utakula bakuli lote peke yako. Akitapika tena, utajua."

Nilikula. Lilikuwa bakuli la watu wanne na nililimaliza peke yangu nyuma ya nyumba, kwa ajili ya sayansi. Usiku mzima nililalamikiwa na mume wangu kwa sababu za kawaida za maharagwe, lakini sikutapika. Mama mkwe, ambaye hakuonja hata punje, Jumatatu asubuhi alikuwa chini, uso wa kijivu, mikono inatetemeka.

"Mama, jana hukula maharagwe."

"Alinitazama jana," alisema kwa shida. "Kwa dirisha."

Safari hii alinitisha. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri kurudi Kanengo. Nilitoka nje nikamsimamisha mwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, mwanamume mwenye ndevu ambaye alimpandisha mama mkwe kwenye kiti cha nyuma kwa heshima zote. Mama alimkumbatia yule mtu kiunoni, akafumba macho, akaomba kwa sauti njia nzima. Mimi nilikimbia nyuma nikimshika mgongo. Zahanati walipoona mapigo ya moyo wake walisema apelekwe Lilongwe, na kwa bahati gari lilikuwa linakwenda.

Hospitali ya Lilongwe tulikaa kwenye benchi refu na watu wengi. Daktari kijana alikuja, akapima, akauliza. Mimi nilitafsiri kwa Kichewa changu cha sokoni. Amekula nini? Hakuna. Amekunywa dawa? Hapana. Amenusa kitu? Hapana. Nilijikuta nimesema, kama mwalimu wetu, "Na ngozi?"

Daktari akasema vizuri, tumwangalie ngozi, ainue nguo kidogo.

Mama mkwe, ambaye dakika moja kabla alikuwa hawezi kushika kikombe, alikamata kitenge chake kwa mikono miwili. "Magoti ya shemasi haionekane na batoto banaume."

Wakamwita nesi, mama mtu mzima mwenye mikono mizito. Alivuta pazia, akampa pole, akamwita agogo, yaani bibi, akamwambia wote humu ni wanawake. Kisha, mama mkwe akiwa anafikiria jibu, akainua kitenge kwa mkono mmoja.

Magoti yote mawili yalikuwa yamefungwa kwa vitambaa. Nilivitambua. Kimoja kilikuwa kipande cha sare ya kwaya kilichokuwa kimenipotea mwezi mzima. Nesi akafungua fundo. Ndani kulikuwa na majani makubwa ya kahawia, yamelowa maji na mafuta, yamebandikwa kwenye ngozi tabaka juu ya tabaka. Harufu ikajaa nyuma ya pazia, nzito, tamu kidogo.

Nesi akanusa. Akachukua jani moja akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Agogo," alisema, na sauti yake ikavuka pazia na benchi lote, "uyu ndi fodya!"

Fodya ni tumbaku. Kila mtu Malawi analijua neno hilo, na mama mkwe pia, ila wakati huo alinitazama mimi kwa macho makavu kabisa.

"Anasema nini?"

"Anasema tumbaku, mama."

"Mi sijavutaka tumbaku hata siku moja."

"Mama," nilisema, na nilijitahidi sana uso wangu usicheke, "magoti yamevuta."

Nesi alimwosha miguu kwa sabuni na maji mengi, mara tatu, akinifokea mimi kana kwamba ndimi niliyeyafunga. Alisema amewaona hivi wavunaji wa mashambani, wale wanaobeba majani mabichi yenye umande kifuani: wanatapika, wanatoka jasho, moyo unakimbia, na wengi wao hawavuti hata kidogo. Majani yakiwa na unyevu, sumu yake inatoka ndani yake na ngozi inainywa. Niliuliza kwa nini alipona kila Ijumaa. Alicheka. Kwa sababu majani yalikuwa yameisha nguvu, alisema, kama majani ya chai uliyochemsha mara nne. Halafu yanakuja mapya.

Nilifahamu yalikuja lini. Nilifahamu pia yalikuja katika mfuko gani, kwa kuwa niliushona mwenyewe.

Walimweka chini ya uangalizi mpaka kesho yake, na asubuhi alikuwa mzima, akiwaeleza wagonjwa wenzake kwa Kiswahili habari za wokovu. Tulirudi na matola, gari dogo la wazi linalobeba abiria nyuma pamoja na mizigo. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi. Lilongwe ilipokwisha na mashamba yakaanza, nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwamba magoti yanamuuma.

Alifunga upya fundo la kitenge chake. Nilidhani hakunisikia kwa upepo.

"Kule njia ya Fizi," alisema mwishowe, "nilibaona bale banashindwa kutembea. Banabakalisha pembeni ya njia. Banabaambia, mama, kaa hapa, tutarudi. Nani alirudi?"

Mimi pia niliwaona.

"Hapa nako vita ikifika," aliendelea, "muniambie kaa hapa? Hapana. Mi niko na magoti nzuri. Kila mutu anajua niko na magoti nzuri."

"Mama, tutakubeba."

Alinitazama kwa pembe ya jicho. "Na cherehani?"

"Cherehani tutaiacha."

"Uongo," alisema. Lakini alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye kona ya kambi, ambako aliuachia ili watu wasimwone anashikwa.

Jumamosi tulimngoja mume wangu sote wawili barazani. Alikuja amevaa lile koti kwenye jua kali, akaanza kulivua pale uani kama kawaida, na mama yake akamwambia, "Ingia nalo." Alisimama. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaona mkasi mkononi mwangu.

"Mimi nilikatazwa kusema," alisema kabla hajaulizwa kitu. "Niliapishwa. Kwa Biblia."

Kumbe mara ya kwanza jani lilikuwa limenata tu kwenye nguo zake, na mama mkwe alipokuwa akizikung'uta uani alikumbuka kwamba baba yake mwenyewe alifunga jani la tumbaku penye maumivu. Alilijaribu. Usiku ule goti lilitulia. Akaomba jingine, kisha mengi, na kila maumivu yaliporudi aliongeza tabaka, kwa hesabu ya kwamba jani moja likisaidia, manane yatasaidia mara nane. Hapo ndipo dawa ilipogeuka sumu. Nilimweleza vile mwalimu alivyotueleza, na alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Donc kosa ni ya kipimo," alisema. "Haiko ya mi."

Nilipasua ule mfuko kwa mkasi. Mume wangu nilimshonea glavu za turubai na mikono mirefu ya kuvaa juu ya shati, na nikamkataza kushika chakula kabla hajanawa. Baada ya wiki mbili alirudi na maombi ya wenzake kumi na mmoja wa ghalani wanaotaka za kwao. Wao walikuwa wamezoea kichefuchefu; walidhani ni uchovu.

Ilibaki habari ya jirani. Nilimwambia mama mkwe ni lazima aombe msamaha. Alikubali upesi mno, nikaogopa. Nilifikiri atakwenda kupiga hodi mlangoni kwake, kwa utaratibu.

"Hapana," alisema. "Nilisema mbele ya bantu ku pompe. Nitasema tena mbele ya bantu ku pompe."

Asubuhi foleni ilikuwa imejaa. Jirani alikuwa katikati na ndoo yake, anatazama mbele. Mama mkwe akasimama penye matope karibu na bomba.

"Sikieni! Ile siku nilisema maharagwe ya mutu fulani iko na kitu. Nilisema uongo, na uongo haikutoka kwa Mungu. Maharagwe haina kitu. Kitu ilikuwa hapa!" Na akapandisha kitenge mpaka juu ya magoti, yote mawili, mbele ya foleni nzima, wanawake na wanaume, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Mmalawi mmoja aliyekuja kutengeneza bomba. "Nilifunga tumbaku! Mi, shemasi! Tumbaku iliingia kwa ngozi!"

Fundi wa bomba akageuza uso.

Jirani aliacha ndoo yake, akaja mbio akipiga makofi ya haya. "Yampayinka, mama! Funika! Nimesamehe, funika magoti!"

"Umesamehe kweli?"

"Nimesamehe! Shusha nguo!"

"Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti, na mabega yake yakaanza kutikisika, na foleni nzima ikaangua kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tufike kambini. Hata mimi nilikaa chini.

Habari ilimfikia ofisa wa afya kabla ya saa sita. Alimwita mama mkwe azungumze na wanafunzi wa kundi lililofuata, na kwa kuwa alizungumza kwa Kiswahili, mkalimani alilazimika kukaa kimya, jambo lililomuuma sana. Mama mkwe aliwaeleza milango yote minne bila kukosea hata mmoja. Wa ngozi aliueleza kwa namna yake: "Shetani ukimufungia kinywa, anazunguka nyuma anapita mu magoti." Mwalimu nilipomtafsiria kwa Kichewa alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kisayansi hana la kuongeza.

Sidhani kama aliacha kabisa kuamini sumu ya ukucha. Nilipomwuliza alisema ile ya Uvira ni ingine, na kwamba yule mwalimu hajafika Uvira. Magoti hayakupona. Nesi alikuwa amempa mazoezi ya kunyoosha miguu kitandani, na jirani aliongeza kumkanda kwa maji ya moto kila Jumatano, huku wakigombana kuhusu sombe: mmoja anasema majani ya muhogo yatwangwe mpaka yawe uji, mwingine anasema hiyo ni kuyaua mara mbili. Fimbo alikataa kwa muda mrefu. Siku aliyoikubali alitoka nayo nje mwenyewe, akapita nayo polepole kambi nzima kutoka mwanzo wa njia hadi kanisani, mchana, watu wote wakimwona, na mimi nikitembea nyuma yake nikiwa nimebeba Biblia.